Goethe-Zertifikat B1: mtihani mzuri kwa anayejua anakwenda nao wapi

Ukianza kujifunza Kijerumani Nairobi au Dar es Salaam, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama unatafuta B1, ngazi ya tatu kati ya sita za kupima lugha (A1, A2, B1, B2, C1, C2). Cheti hiki kimekuwa kama jina la pili la lugha yenyewe. Hapa tunaupitia mtihani wake sehemu kwa sehemu, tukiwa na swali moja: je, unatosha kumbeba mwanafunzi mwaka mzima wa kuamka alfajiri na kukariri der, die, das, vile vijineno vitatu vinavyotangulia nomino za Kijerumani?

Kama kipimo cha lugha, ni mtihani wa haki na umetungwa kwa makini. Kama sababu ya kujifunza, hauna nguvu hiyo. Anayesoma ili apate B1 na basi, mara nyingi huchokea kati ya A2 na B1. Hapo maneno mapya hayafurahishi tena kama mwanzo, na sarufi imeanza kubana. Anayevuka hapo ni yule ambaye Kijerumani kina kazi maalumu kwake upande wa pili.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayowaangusha wengi. Goethe-Institut, taasisi ya Ujerumani inayofundisha lugha hiyo na kutoa cheti hiki, inakadiria kwamba kutoka mwanzo kabisa hadi B1 unahitaji vipindi 350 hadi 650 vya dakika 45. Ukisoma vipindi 10 kwa wiki, hizo ni wiki 35 hadi 65. Ukisoma 20, ni wiki 18 hadi 33. Kwa B2 makadirio ni vipindi 600 hadi 800. Sasa chukua ahadi ya wakala anayesema atakufikisha B2 kwa miezi minne. Wiki 16 zinadai vipindi 38 hadi 50 kila wiki, bila kuugua, bila msiba, bila kazi ya kukulipia kodi ya nyumba. Mwanafunzi akishindwa kwenda na kasi hiyo hujiona mjinga, kumbe ratiba ndiyo iliyokuwa ya uongo.

Kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote, andika unataka kufanya nini na Kijerumani, kisha uliza jambo hilo linadai kiwango gani. Anayemfuata mume au mke Ujerumani kwa kawaida hudaiwa A1. Chancenkarte, kadi ya kwenda kutafuta kazi iliyoanza Juni 2024, inadai angalau A1 ya Kijerumani au B2 ya Kiingereza, pamoja na masharti mengine. Ausbildung, yale mafunzo ya kazi ambayo mwanafunzi hulipwa kila mwezi, kwa kawaida hutaka B1. Muuguzi anayetaka taaluma yake itambuliwe kikamilifu huhitaji B2 katika majimbo mengi. Utaona kwamba B1 ni mwisho wa safari kwa mmoja, katikati kwa mwingine, na kwa wa tatu ni zaidi ya anachohitaji. Asiyelijua hili hufurahia cheti wiki moja, kisha anaambiwa bado, na moyo unavunjika hapo hapo.

Lengo pia linaweza kujengwa juu ya uvumi. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin makubaliano ya uhamiaji na ajira. Muda si mrefu ikaenea habari ya nafasi 250,000 za kazi, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikaikanusha: makubaliano hayo hayataji idadi yoyote. Njia ipo kweli, ila kila mmoja huipita kwa sifa zake mwenyewe. Aliyeanza darasa kwa sababu ya ile namba alikuwa hana lengo bado, alikuwa na habari tu.

Zoltán Dörnyei, mtafiti wa ujifunzaji lugha aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nottingham, alitenganisha mwaka 2005 picha mbili ambazo mwanafunzi huzibeba kichwani. Ya kwanza ni ya mtu ambaye yeye mwenyewe anatamani kuwa, akiitumia lugha ile. Ya pili ni ya mtu ambaye wengine wanamtaka awe, au anayepaswa kuwa ili aepuke aibu na hasara. B1 peke yake iko upande wa pili: ubalozi unaitaka, wakala anaitaka, mjomba aliyechanga ada anaitaka. Picha ya kwanza lazima uitafute mwenyewe, na iwe na mahali, na saa, na watu ndani yake. "Kuishi Ulaya" haina hata kimoja. "Kumpokea mgonjwa saa kumi na mbili asubuhi wodini na kumwuliza alilalaje" inavyo vyote, na tayari inakuambia maneno gani ujifunze leo jioni.

Kuna zoezi moja tunalolipendekeza kuliko yote, na halina gharama. Andika lengo lako kwa sentensi moja ya Kijerumani, ubandike juu ya meza, na uiandike upya kila unapopanda ngazi. Kwenye A1 itakuwa "Ich möchte in Deutschland arbeiten" (nataka kufanya kazi Ujerumani; möchte ndiyo "nataka"). Kwenye A2 umejua weil (kwa sababu), kwa hiyo inakuwa "Ich lerne Deutsch, weil ich in Deutschland als Pfleger arbeiten möchte" (najifunza Kijerumani kwa sababu nataka kufanya kazi ya uuguzi Ujerumani). Tazama möchte ilivyosukumwa hadi mwisho. Kiswahili hakifanyi hivyo, sisi husema "kwa sababu nataka kufanya kazi Ujerumani" na kitenzi kinabaki mahali pake, ndiyo maana wengi huandika weil ich möchte arbeiten na kupoteza alama. Kwenye B1 unaongeza kishazi kingine: "…in einem Krankenhaus, in dem ich viel lernen kann" (katika hospitali ambamo naweza kujifunza mengi). Sentensi ile ile imekua nawe, na kila ukiisoma unaiona kazi uliyoifanya. Ikifika mahali hutamani tena kuiandika upya, huenda lengo limebadilika. Badilisha sentensi kabla hujaacha darasa.

Sasa mtihani wenyewe. Una moduli nne: Kusoma dakika 65, Kusikiliza kama dakika 40, Kuandika dakika 60, na Kuzungumza kama dakika 15 ukiwa na mtahiniwa mwenzako, baada ya dakika 15 za kujiandaa. Kila moduli ina alama 100 na ya kufaulia ni 60. Ubora wake mkubwa kwa mtu anayepigania moyo wake usizime ni kwamba moduli hizi zinasimama zenyewe. Unaweza kufanya moja sasa na nyingine baadaye, na ukianguka Kusikiliza unarudia Kusikiliza tu. Mwaka mrefu unagawanyika kuwa vituo vinne vinavyofikika. Ada hutofautiana kati ya nchi na nchi, na pia kati ya aliyesoma katika taasisi na anayetoka nje, kwa hiyo piga hesabu ya moduli moja moja dhidi ya zote nne kabla hujaamua.

Kusoma hakuna makubwa: maswali 30, sehemu tano, muda wa kutosha kwa asiyeng'ang'ania neno moja.

Kusikiliza ndiko kwenye mitego. Sehemu ya kwanza na ya nne unazisikia mara mbili, ya pili na ya tatu mara moja tu. Msikilizaji wa Kiswahili ana tatizo lake mahususi la saa. Tangazo likisema halb zehn (neno kwa neno "nusu kumi"), maana yake ni 9.30, kwa sababu nusu hiyo ni ya saa inayokuja. Aliyezoea Kiingereza huisikia kama 10.30. Na anayefikiri kwa Kiswahili ana hatua nyingine, maana 9.30 ya Mjerumani kwetu ni saa tatu na nusu asubuhi. Dawa ni kutotafsiri kabisa: chora uso wa saa, weka mishale, sema halb zehn, mara 20 kwa siku kwa wiki moja. Namba nazo zimegeuzwa, fünfunddreißig ni tano na thelathini. Jizoeze kuandika bei na namba za simu kwa imla, vinginevyo utaandika 53.

Kwenye Kuandika kuna kazi tatu. Ya kwanza ni barua pepe kwa rafiki, maneno kama 80. Ya pili ni kutoa maoni, nayo maneno kama 80. Ya tatu ni ujumbe mfupi wa heshima, maneno kama 40. Muda unaopendekezwa ni dakika 20, 25 na 15. Kosa linaloumiza zaidi si la sarufi. Ukionekana hukutekeleza kabisa ulichoagizwa, kazi hiyo nzima hupewa sifuri hata Kijerumani chake kikiwa safi. Soma agizo, hesabu hoja unazotakiwa kuzigusa, zipigie tiki moja moja. Na zile salamu zetu ndefu za kumjulia mtu hali, familia na mvua, zinamaliza nusu ya maneno 40. Katika ujumbe wa heshima anza na Sehr geehrte (kwa mwanamke) au Sehr geehrter (kwa mwanamume), yaani Mheshimiwa, nenda moja kwa moja kwenye jambo, funga na Mit freundlichen Grüßen, salamu za kufungia barua. Tofauti ya du (wewe wa kawaida) na Sie (wewe wa heshima) haitamsumbua aliyelelewa na shikamoo. Kinachomponza ni kuanza na Sie na kumaliza na dein, "yako" ya du.

Mswahili ana faida nyingine anayoisahau. Wanafunzi wengi wa Kijerumani hushangaa kwamba kivumishi kinabadilika kulingana na nomino. Sisi tunasema kitabu kizuri, mti mzuri, jina zuri, bila kuhesabu. Ein gutes Buch (kitabu kizuri), ein guter Baum (mti mzuri), eine gute Idee (wazo zuri) ni mantiki ya familia hiyo hiyo, ila mageuzi yako mwishoni mwa neno. Mwalimu anayefundisha der, die, das kama ngeli tatu, kila nomino ikijifunzwa pamoja na kijineno chake tangu siku ya kwanza, humwokoa mwanafunzi miezi. Na lugha hii si ngeni kabisa kwetu: shule tunayoitaja kila siku ni Schule, na hela ni Heller, sarafu ya enzi za Mjerumani.

Kuzungumza kuna sehemu tatu: kupanga jambo na mwenzako, kutoa mada fupi, kisha kujibu na kuuliza kuhusu mada. Mada ndiyo yenye alama nyingi, 40 kati ya 100, nayo ina kurasa tano zilizopangwa tayari: utangulizi, uzoefu wako, hali ya nchini kwako, faida na hasara pamoja na maoni yako, na hitimisho. Hapa ndipo lengo lako linapokulipa waziwazi. Anayetaka uuguzi na amekwisha kusema mara hamsini kwa nini anautaka, ana mifano ya kweli ya kutia kwenye ukurasa wa pili na wa tatu. Aliyekariri mada ya mtu mwingine hunaswa na swali la kwanza. Matamshi yana alama 16. Shughulika na ü na ö, kwa sababu ukisema schon (tayari) badala ya schön (-zuri) umesema neno jingine, na usitie irabu mwishoni mwa maneno kama arbeitest.

Upungufu wa mtihani huu ni kwamba ni wa mambo ya kawaida ya maisha. Orodha yake rasmi ina maneno kama 2,400, lakini muuguzi hatajifunza humo kukabidhi zamu, kueleza jeraha au kusoma chati ya dawa. Anaweza kufaulu vizuri na bado akanyamaza wodini. Kwake tunapendekeza aulize kwanza kama jimbo na mwajiri wake wanakubali telc Deutsch B1-B2 Pflege, mtihani uliotungwa kwa ajili ya uuguzi. Masomo yake ya kila siku yatafanana na kazi anayoiendea, na hilo peke yake linatia nguvu. Akilazimika kufanya wa Goethe, atenge kipindi kimoja kati ya vinne kwa maneno ya wodini tangu A2: der Verband (bendeji), der Blutdruck (shinikizo la damu), die Spritze (sindano), die Übergabe (kukabidhi zamu).

Vifaa vya maandalizi ni vizuri, na vingine ni bure. Goethe-Institut imeweka mtandaoni mitihani ya mfano pamoja na sauti zake. Nicos Weg ya Deutsche Welle inakwenda kutoka A1 hadi B1 bila malipo, na inafaa kwa sababu ina mtu mmoja mwenye shida za kweli za mgeni, si sentensi zilizotupwa tu. Usiimalize mitihani ya mfano mapema. Bakiza angalau mmoja usioguswa hadi wiki mbili kabla ya kujiandikisha, uufanye kwa muda kamili, simu ikiwa chumba kingine. Kwenye Kusoma na Kusikiliza, majibu sahihi 18 kati ya 30 ndiyo alama 60. Lakini 18 ya nyumbani mezani haitoshi, woga wa siku yenyewe utakula mawili au matatu. Ukipata 23, lipia moduli hiyo. Ukipata 19, subiri, na ada hiyo ilipie mwezi mmoja zaidi wa darasa.