Merlot ipi ununue? Angalia kizibo kwanza, lebo baadaye

Wadau wangu wa waini, kwa jinsi mnavyonitumia meseji kuhusu Merlot naona niandike yote hapa. Malalamiko karibu yote ni yaleyale: umeambiwa ni waini laini, umefika nyumbani umefungua, unakutana na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa, uchungu nyuma ya ulimi, alafu unaapa hununui tena Merlot maishani. Msomaji mmoja wa Mombasa kanitumia na picha kabisa, kizibo kimepanda juu ya mdomo wa chupa na chini ya foili kuna michirizi myekundu imekauka, inanata. Hiyo waini imepikwa jamani. Shambani ilitoka nzima, imepikwa na joto kwenye kontena, au stoo, au hapo dirishani kwa muuzaji.

Kwa hiyo leo sitaki kuongelea mwaka wa mavuno wala zile medali za dhahabu zinazobandikwa kwenye chupa. Joto ndo habari yenyewe.

Merlot ni zabibu yenye ngozi nyembamba na inaiva mapema, kule Bordeaux, Ufaransa, inaitangulia zabibu mwenzake Cabernet Sauvignon kama wiki mbili hivi. Inapenda udongo wa mfinyanzi unaotunza ubaridi na maji, ndo maana upande wa kulia wa mto Dordogne, Saint-Émilion na Pomerol, Merlot ndo mwenyeji, na hata waini ya Pétrus ambayo chupa moja ni mamilioni ya shilingi inatoka kwenye mfinyanzi wa hukohuko Pomerol. Wakichelewa kuvuna kukiwa na jua kali, sukari inapanda, uchachu unashuka, na ile harufu ya plamu mbichi inageuka kuwa jamu. Yani mkulima kahangaika mwaka mzima kuilinda na joto, alafu inafika kwetu inawekwa wiki kadhaa chini ya bati. Waini inataka nyuzi 12 mpaka 18 hivi, Dar mwezi wa pili mchana ni 30 na zaidi, na ndani ya kontena lililosimama bandarini ni zaidi ya hapo. Waini ikipata joto inatanuka, inasukuma kizibo, inavuja kidogo, ikipoa inavuta hewa ndani. Hapo imekwisha.

Ukiwa dukani fanya hivi. Pitisha kidole juu ya foili, panatakiwa pawe bapa au pamebonyea kidogo, pakiwa pamevimba rudisha. Jaribu kuizungusha foili, nyingi zinazunguka, ikiwa imeng'ang'ania upande mmoja kuna uwezekano ilivuja ikagandia hapo. Inua chupa kwenye mwanga uone waini imefika wapi shingoni, linganisha na wenzake kwenye shelfu, iliyopungua kuliko wenzake achana nayo. Zenye kizibo cha kuzungusha ni salama kwa mambo mengi lakini hazikuonyeshi dalili, kwa hiyo hapo angalia imekaa wapi: jua, taa kali, juu ya friji inayotoa moto. Ukishika chupa ikawa ya vuguvugu, toka.

Sasa orodha yangu.

Namba moja, na sifichi, Durbanville Hills Merlot ya Afrika Kusini. Mashamba yako kwenye vilima karibu na Cape Town, upepo wa Atlantiki unapiga pale mchana, zabibu inaiva polepole, na unaisikia mdomoni, plamu ipo, uchachu upo, haijawa jamu. Ukiinywa na pilau ya mbuzi au nyama choma, viungo haviizidi nguvu, na tanini zake (ule ukakasi unaokausha mdomo) hazigombani na pilipili. Iweke friji nusu saa kabla ya kumimina, habari za "joto la chumba" ni za vyumba vya Ulaya, siyo vya Kinondoni. Sheria ya kwao inataka waini ikiandikwa Merlot basi angalau asilimia 85 iwe Merlot kweli, kwa hiyo hudanganywi na jina.

Namba mbili ni Bordeaux. Watu wanaipita kwa sababu lebo haijaandikwa Merlot, wakati ndo zabibu iliyopandwa kwa wingi kuliko zote kule. Mouton Cadet, iliyoanza 1930, Merlot ndo imebeba sehemu kubwa. Ukipata Saint-Émilion ya bei unayoimudu chukua, ila hizi nyingi zina kizibo cha kuvuta kwa hiyo ukaguzi wa kidole usiuruke.

Tatu, Casillero del Diablo ya Chile. Nzuri, inapatikana, tatizo safari yake ni ndefu. Chile kwa miaka mingi walikuwa wanachanganya Merlot na Carmenère shambani bila kujua, mpaka 1994 mtaalamu Mfaransa Jean-Michel Boursiquot alipowaonyesha kuwa ni zabibu mbili tofauti.

Za bei ya chini: Robertson Winery inatosha. Za boksi chukua kwa kutengenezea sangria tu, ile waini ya kuchanganywa na matunda.

Kinachoniuma ni bei. Tunalipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa, VAT asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, juu yake faida ya muuzaji, alafu huyohuyo muuzaji anashindwa kuwasha kiyoyozi stoo au hata kulaza chupa za kizibo ili kisikauke. Duka moja nililouliza kwa nini chupa za gharama zipo dirishani zinapigwa na jua la saa tisa, nikajibiwa eti wateja wazione. Tena hizo ndo zinauzwa ghali kuliko za ndani! Muuzaji wa maziwa akikuuzia yamechacha unarudisha na anakubali, ila wa waini anakwambia wewe hujazoea.

Msikubali. Chukueni risiti, mfungue mapema, na ikiwa imepikwa usimwage wala usiipikie, irudishe na kizibo chake chupa ikiwa bado imejaa, siku hiyohiyo au kesho yake.