Gereji iliyoninyima turbo: Sh91,500 zangu za kwanza kwenye dragi

Mimi nauza mayai ya jumla Free Area, Nakuru. Kreti moja hunibakishia shilingi 30, kwa hivyo bei yoyote ninayotajiwa huwa naibadilisha kuwa kreti kabla sijafungua mkoba. Ndivyo nilivyoingia kwenye mbio za dragi, na ndivyo nitakavyoieleza gereji hii ya Industrial Area, hapahapa Nakuru. Jina lake sitalitaja kwa sababu nina malalamiko mawili, na mwenyewe nilishamwambia ana kwa ana.

Tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, nimekuwa nikifunga duka na kwenda Naivasha kula vumbi na wenzangu. Rali yenyewe siiwezi. Dragi nayo ni barabara iliyonyooka, magari mawili, robo maili, yaani mita 402, basi. Gari nilikuwa nalo tayari: Impreza ya 1500 cc, gia za mkono, isiyo na turbo, inayozungusha magurudumu yote manne. Siku za kazi hubeba mayai kutoka Njoro na Bahati.

Kabla ya gereji hii nilikuwa nimepigia simu karakana moja Nairobi. Kijana aliyepokea hakuniuliza hata gari limetembea kilomita ngapi. Akanitajia turbo (kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili ipate nguvu), ekzosi na kuchezea kompyuta ya injini, jumla Sh380,000. Nikapiga hesabu: kreti elfu kumi na mbili na mia sita na kitu. Hapo nilikata simu nikasema labda huu si mchezo wa watu wa mayai.

Fundi wa Industrial Area nilielekezwa kwake na mteja wangu mwenye hoteli. Alizunguka gari, akafungua buti, akanusa.

"Mama Mayai, hili gari tunalisafisha kwanza."

Nikamwambia habari za turbo. Hakucheka, na hilo nililipenda. Alifungua boneti akanieleza kwamba injini iliyoundwa bila turbo hubana mchanganyiko wa hewa na petroli zaidi ya ile iliyoundwa nayo. Ukiisukumia hewa nyingine juu ya hapo, petroli inalipuka kabla ya wakati wake na pistoni ndizo zinazolipa. Ili turbo ikae salama ungebadilisha vya ndani pia, na hapo 380,000 ni mlango tu, nyumba bado. Ni kweli, akasema, huku kwetu kwenye mwinuko wa kama mita 1,850 injini yako inavuta hewa nyepesi kuliko ingekuwa Mombasa, na turbo ndiyo dawa ya hilo. "Lakini wewe hujui hata kuondoa gari kwenye laini. Nguvu za nini?"

Nilikasirika kidogo. Nikalipa ukaguzi.

Ukaguzi ni Sh5,000, na kwangu hiyo ndiyo huduma bora ya gereji hii. Walipima kompresheni, yaani jinsi injini inavyobana hewa, ya silinda zote nne mbele yangu, zikakaribiana, akaniandikia namba kwenye karatasi. Wakapandisha gari, wakatikisa kila kilichopaswa kukaa imara. Pedi za breki za mbele zilikuwa zimebaki kama unene wa shilingi kumi. Mtu anaweza kuona dragi ni kukanyaga mafuta tu, ila ukivuka laini ya mwisho ukiwa na kasi ya kilomita 110 kwa saa, kinachokurudisha nyumbani ni breki. Pedi na oili mpya ya breki, Sh6,000. Oili ya injini na filta, Sh6,800. Plagi nne, Sh6,000.

Tairi ndizo zilizoniuma. Mimi nilitaka mbili tu za mbele. Fundi akakataa katakata: Subaru ya aina hii ikivaa tairi mpya mbele na zilizolika nyuma, magurudumu hayazunguki sawa na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinajila chenyewe. Nne basi, Sh9,500 kila moja, Sh38,000. Kreti 1,266. Nililala nazo usiku mzima, kreti hizo. Lakini ukweli ni kwamba tairi hizo ningezihitaji hata kwa kazi ya mayai, na sasa mvua ikinyesha barabara ya Njoro sisali tena kwa sauti.

Malalamiko sasa. Waliniahidi siku nne, gari likakaa tisa. Siku hizo zote nilisafirisha mayai kwa bodaboda na kwa gari la kukodi, na hasara hiyo hakuna aliyeiandika kwenye risiti. La pili liko kwenye risiti yenyewe: kazi Sh9,000, sawa, halafu chini yake "mengineyo, Sh6,500". Mengineyo gani? Nilipouliza nikatajiwa vitambaa, dawa ya kusafishia breki, klipu za hosi, na "chai ya vijana". Mwenyewe alikubali kwamba ilipaswa kuandikwa kimoja kimoja, lakini pesa hakurudisha. Ukienda pale, dai orodha kabla spana haijaguswa.

Kofia nilikuwa nimepanga kuvaa ya bodaboda ya shemeji. Hapo fundi aliniketisha. Kofia zilizopimwa na Snell, shirika linalopima usalama wa kofia, zenye alama ya M ni za pikipiki, zenye SA ni za mashindano ya magari, na za SA hupimwa pia jinsi zinavyostahimili moto. Ndani ya kofia kuna kibandiko, SA2015, SA2020, namna hiyo. Mpya ingenimaliza. Gereji inakodisha kwa Sh2,000 kwa siku, nikakagua kibandiko mwenyewe, nikakubali. Kwa mtu atakayekimbia mara mbili tatu kwa mwaka, kununua ni kiburi tu. Akaniambia pia nivae pamba ya mikono mirefu, nisije na nailoni, kwa sababu nailoni ikishika moto inayeyukia ngozini.

Kwenye bei ya kazi kuna jioni moja ya mafunzo ambayo sikuitegemea. Hatukutoka nje ya geti. Tuliwasha programu ya simu inayoigiza zile taa wanazoziita mti wa Krismasi: njano, njano, njano, kijani, nusu sekunde kati ya moja na nyingine. Ukingoja uone kijani umeshachelewa, unatakiwa kuondoka na ile njano ya mwisho. Nilifanya mara sitini hivi, nimekaa kwenye gari lililozimwa, mguu kwenye klachi, majirani wa gereji wakiniangalia kama mgonjwa. Wengine hujifunzia haya usiku kwenye barabara kuu. Fundi alisema mteja akishikwa huko asimpigie simu.

Siku ya mashindano tuliondoka alfajiri. Ada ya kushiriki Sh5,000, petroli ya kwenda, kukimbia na kurudi Sh7,200. Na kampuni yako ya bima usiitegemee: karatasi yangu imeandika wazi kwamba mashindano hayahusiki. Ukigonga ukuta, ni wako.

Tulitoa tairi la akiba, kiti cha nyuma, jeki na kreti tatu tupu nilizokuwa nimezisahau. Kama kilo 60. Kwa kanuni ya mafundi, kilo 45 ukizitoa unapata sehemu ya kumi ya sekunde kwenye robo maili, na kuzitoa ni bure. Gereji ilinikopesha Dragy, kisanduku kidogo kinachosoma setilaiti na kutuma muda kwenye simu. Mbio ya kwanza: sekunde 20.6. Niliondoka kama mtu anayeogopa kuvunja mayai. Ya nne: 19.4. Injini ilikuwa ileile, senti haijaongezwa. Kilichobadilika ni kupandisha injini hadi mizunguko 3,000 kwa dakika kabla ya kuachia klachi, na kuacha kubadilisha gia mapema.

Halafu nikapigwa na Vitz, kale kagari kadogo ka Toyota, ya kijana mmoja iliyokimbia 19.6. Nilikwenda kulalamika, kumbe saa yako huanza gari linapotoka kwenye laini, haianzi taa inapowaka. Mimi nilikuwa mwepesi barabarani, lakini nilisinzia kwenye taa karibu sekunde nzima. Fundi hakusema neno. Alinionyesha tu ile programu kwenye simu yake.

Jumla ya kila kitu: Sh91,500, kreti 3,050. Ukiondoa vitu ambavyo gari lilivihitaji hata bila dragi, yaani tairi, breki, oili na plagi, mchezo wenyewe ulinila kama Sh34,700. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye "mengineyo".

Kuna kitu kimoja alichoniambia mwanzoni nikakidharau. Alisema bajeti yoyote utakayoandika, weka theluthi pembeni kwa kitakachovunjika, na kwa gari langu akataja klachi kwa jina, kwa sababu magurudumu yote manne yakishika lami hayatelezi, na kinachobaki kuteleza ni klachi. Wiki iliyofuata nikipanda mlima na kreti 80, gari linanguruma na haliendi: klachi imekwisha. Sh24,000 na kazi yake. Kreti 800, na sikuwa nimeweka hata moja pembeni.

Klachi mpya inafungwa Jumanne, kwenye gereji ileile. Safari hii nimedai orodha kwanza, na mayai ya wiki hii yanasafiri kwa Probox ya shemeji.