Dalali wa vyumba Mtwara mjini: nyota tatu, na mbili kati ya hizo ni za dakika kumi

Huyu dalali nimemtumia siku tisa, kuanzia tarehe 25 Julai mpaka tarehe 2 Agosti mwaka huu, kutafuta chumba kimoja Mtwara mjini kwa 60,000 kwa mwezi. Jina lake silitaji. Kwanza wenzake wengi ni hivyohivyo, pili huyu angalau funguo nilizipata.

Mnijue kwanza ndipo mwelewe nyota zangu. Ni fundi cherehani. Nina mtoto wa darasa la tatu, vyerehani viwili, kitanda cha tano kwa sita na kabati la nguo za wateja. Nilikuwa nakaa Chikongola, warithi wakauza nyumba, wapangaji tukapewa mwezi mmoja tu wa kuhama. Mkononi nilikuwa na 300,000. Humohumo kodi, humohumo udalali, humohumo nauli.

Huduma yenyewe inaanzia kwenye simu. Anatupia picha status: "Chumba masta, tailizi, gipsamu, maji ya kumwaga, mtaa umetulia, dakika 5 toka lami, 60,000 x 6." Hiyo "x 6" msiipite kama mapambo, ndiyo bei yenyewe. Chumba cha elfu sitini ni chumba cha laki tatu na sitini, ongeza mwezi mmoja wa dalali, unafika laki nne na ishirini hata balbu hujanunua. Na kabla hujaona mlango wowote unatoa 10,000 ya kuzungushwa, ambayo hairudi. Bodaboda ni juu yako, yako na yake. Nilipoona hela inakwisha tukawa tunapanda mshikaki, yeye katikati, mimi nyuma na mkoba wangu. Kwa mwendo wa yule kijana wa boda, zile dakika tano toka lami zilikuwa za kweli kabisa.

Kasoro yake kubwa ni masikio. Ukimwambia sitini anasikia tisini. Sikumwelewa mpaka siku ya tatu nilipokaa nikapiga hesabu: yeye anakula kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo chumba kikipanda na yeye anapanda. Umemlipa akutafutie bei nafuu, na bei nafuu ndiyo inayompunguzia ugali. Hapo hata malaika angeteleza.

Ndiyo maana siku ya pili alinipeleka Shangani, kwenye banda la uani, 90,000. Shangani kuzuri, sibishi, upepo wa bahari na nyumba zimepangwa. Lakini wapo wenye nyumba kule ambao bado wanaishi 2012, gesi ilipowatia watu wazimu mji huu na kila mwenye chumba cha ziada alikuwa anamsubiri mzungu wa kampuni. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikamilika 2015, wazungu wengi wakaondoka, bei ya banda la uani imebaki palepale kumsubiri arudi. Nikashika nondo ya dirisha, ikanibandukia magamba mkononi kwa chumvi. Nikamwambia dalali, kama nondo inaliwa hivi, cherehani changu kitamaliza mwaka? Akasema, "Dada, utakipaka mafuta."

Mafuta ninapaka, asante.

Sasa nije kwenye vipimo, maana hapa ndipo nilipomkasirisha na yeye akanikasirisha. Kila chumba kwa dalali ni "kumi na mbili kwa kumi na mbili". Mimi natembea na tepu ya kushonea, inchi 60, yaani futi tano. Chumba cha futi kumi ni tepu mbili, sihitaji injinia. Kile cha Magomeni cha kwanza nilipiga magoti pale pale mlangoni: tepu moja, tepu mbili, nikagonga ukuta kabla ya ya pili kuisha. Futi tisa na nusu. Upande wa pili kumi. Ukiweka kitanda cha tano kwa sita na meza moja ya cherehani, mtoto atasomea mlangoni. Mwenye nyumba akaangua kicheko, akauliza kama naishonea nyumba yake suti. Dalali hakucheka. Njia nzima ananiambia namwaibisha, wapangaji wengine hawapimi. Nikamjibu wengine hawalali na vyerehani. Kama una kitanda kikubwa au unafanyia kazi nyumbani, chukua tepu. Ukiona aibu, pima kwa khanga, ila ujue urefu wa khanga yako.

Picha nazo hivyohivyo. Anapiga amejibana kwenye kona, simu ameiinua juu, chumba kinaonekana ukumbi wa harusi. Kimoja nilikipenda kwa picha nikaambiwa kimechukuliwa jana. Picha ile bado ipo status mpaka leo naandika.

Ligula tulikutana na mama mmoja mstaarabu, chumba kizuri, 65,000. Akaniuliza mume yuko wapi. Kabla sijafungua mdomo dalali akajibu: "Mume wake yupo Msumbiji, anafanya kazi, anarudi mwisho wa mwaka." Mama akataka namba yake. Nikaondoka pale nikiwa na mume Msumbiji, chumba sina. Hapa lawama siigawi sana, maana wenye nyumba wanaogopa mwanamke mwenye mtoto na asiye na mume kuliko wanavyoogopa mwanaume asiyelipa. Ila siku nyingine, kaka, niulize kwanza kabla hujaniozesha.

Tarehe 31 nikatoka Chikongola. Vitu vikalala kibandani kwangu sokoni, mimi na mtoto kwa dada yangu Majengo.

Tarehe 1 Agosti jioni akanirudisha Magomeni, nyumba nyingine, vyumba sita na luku moja. Tumefika saa moja usiku, nyumba nzima giza, watu wamekaa kibarazani na tochi za simu. Nikadhani umeme umekatika mtaa mzima. Kumbe jirani anaangalia mpira. Iko hivi: mwezi ukianza, mtu wa kwanza kununua umeme kwenye mita anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Ilianza kukatwa kwenye luku 2021 ikiwa 1,000, 2023 ikapanda. Kwa haki mpangaji aliyekatwa amdai mwenye nyumba, lakini nani ataenda kumdai mtu 1,500 halafu mwezi ujao aombe kuchelewesha kodi? Basi tarehe moja ikifika kila mmoja anamsubiri mwenzake anunue kwanza. Kaka mmoja akaniambia kwa utulivu kabisa, "Mwezi uliopita tulikaa giza siku mbili, akashindwa mwenye friji." Nikamuuliza kuhusu pasi. Wakatazamana. Mwenye friji akasema, "Fundi? Na pasi ya umeme? Wewe utatuua." Hatukufika hata kwenye vipimo.

Kwa hiyo nyumba ya kushea luku ukaione jioni ya tarehe moja au mbili. Tarehe ishirini wote ni ndugu.

Mpaka hapo dalali alikuwa na nyota moja, na hiyo ni ya kupokea simu.

Kesho yake, Chuno. Nyumba ya bibi mmoja, chumba cha uani chenye mita yake ndogo, choo cha nje cha watu watatu, ukuta umepakwa chokaa, kibaraza kinachotosha cherehani kimoja na kiti cha mteja. Nikapima: tepu mbili na inchi tisa, kwa tepu mbili na inchi sita. Maji hayatoki kila siku, kuna pipa. Bibi anataka 65,000 kwa miezi sita, mkupuo, hapunguzi. Ni 390,000. Nikaanza kufunga mkoba.

Dalali akavua viatu, akakaa mkekani. Sijawahi kumwona amekaa siku zote nane. Akamuuliza bibi habari za mjukuu, bibi akasema mwali wake anachezwa Desemba shule zikifungwa, na ndiyo sababu ya kutaka miezi sita, apate hela ya ngoma. Jamaa akatulia kidogo, kisha akasema, "Sasa bibi yangu, leo Agosti. Ukishika hela ya miezi sita leo, Desemba itakukuta nayo? Kwa msimu huu wa njaa, korosho bado? Chukua minne. Miezi minne inaisha Novemba. Desemba mosi huyu anakuletea hela nyingine, mbichi, siku unayoihitaji. Halafu ni fundi, bibi. Nguo za mwali zinashonwa humuhumu uani."

Bibi akanitazama juu mpaka chini, kama mimi ndiye ninayepimwa. Akauliza kama najua kushona gauni la rinda. Akaja 60,000. Jamaa akasema 55,000, na gauni tatu za ngoma fundi atashona bure.

Mimi sikuulizwa! Gauni tatu na marinda yake, kwa bei yangu ya dukani ni zaidi ya ile elfu tano niliyopunguziwa kwa miezi minne, nimeshapiga hesabu. Lakini ile 390,000 sikuwa nayo, na 220,000 nilikuwa nayo. Kazi yote ya udalali ilifanyika pale mkekani, dakika kumi, bila tailizi wala gipsamu. Alimjua bibi, aliijua ngoma, alijua mfuko wangu unaishia wapi. Siku nane alizonizungusha angenipeleka pale kwanza, lakini pale udalali ni 55,000 na Shangani ni 90,000, mnajaza wenyewe.

Mkataba hakutaka kuandika, ati tunaaminiana. Nikanunua daftari, nikaandika mara mbili, bibi akaweka dole gumba, tukapiga mhuri serikali ya mtaa. Umenisaidia tayari: Oktoba minada ya korosho ilipoanza, mtu mmoja wa malori alimfuata bibi na 80,000 kwa chumba hikihiki. Bibi mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku ananionyesha daftari lake.

Matumizi yangu: kodi 220,000, udalali 55,000, kuzungushwa 10,000, bodaboda 14,500. Nilibaki na 500. Mizigo shemeji alinibebea kwa guta.

Jana dalali amenipigia. Anauliza kama nasikia mpangaji yeyote Chuno anataka kuhama, atanipa kidogo. Nimemwambia nipo kwenye gauni la tatu, rinda halijakaa, anipigie Desemba.