Bagi kwa programu ya terminali: utoe apdeti leo ama ungoje?

Bagi ya usalama mi natoa hapo hapo, hiyo sina mjadala. Shellshock, shimo la usalama kwa bash (ile programu inasoma amri unaandika kwa terminali), ilipojulikana Septemba 2014, mwenye aliachia seva yake wiki nzima bila apdeti alikuwa ameacha mlango wazi, ingawa kusema ukweli pachi (apdeti ya kuziba) ya kwanza haikuziba shimo lote, ikabidi zingine zifuate.

Lakini kitu kidogo kama rangi kukaa vibaya kwa skrini? Ngoja buda, kusanya na zingine, pima vizuri, maana mtu wa Gikomba anatumia bando yake na hapendi kudaunilodi kila siku. Halafu kungoja huokoa, xz (programu ya kubana faili) 5.6.0 na 5.6.1 za 2024 zilikuwa na mlango wa siri ndani, na wenye Debian stable, ile Linux haikimbilii matoleo mapya, hazikuwafikia kabisa.