Rutschman au Basallo: nani awe mdakaji wa Orioles?

Mashabiki wa Orioles, timu ya besiboli ya Baltimore nchini Marekani, wamegawanyika kuhusu nani awe mdakaji, yule anayekaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira ya mrushaji. Kila upande una hoja nzito.

Wanaomtetea Adley Rutschman wanakumbuka hali ilivyokuwa kabla yake. Orioles walimchagua wa kwanza kabisa mwaka 2019, timu za ligi zilipokuwa zikigawana wachezaji wapya. Alipoanza kucheza Mei 2022, timu iliyozoea kufungwa ikamaliza msimu na ushindi mwingi kuliko vipigo, na 2023 ikashinda mechi 101. Hupiga akisimama kulia au kushoto, lakini mimi naona thamani yake iko kwenye glavu: mpira ukija pembeni kidogo anaupokea kwa utulivu, mkono hautikisiki, na mwamuzi anauhesabu halali. Mrushaji kijana anamhitaji mtu wa namna hiyo. Tatizo ni 2025, alipoumia misuli ya ubavu mara mbili na gongo lake likapoa.

Samuel Basallo, kijana wa Jamhuri ya Dominika, ana nguvu za kutisha. Aliingia Agosti 2025 akiwa na miaka 21, na siku chache tu baadaye akapewa mkataba wa miaka minane wa dola milioni 67. Septemba, dhidi ya Dodgers wa Los Angeles, alipiga mpira ukavuka ukuta, Orioles wakashinda na mechi ikaishia hapo hapo. Udakaji wake bado mbichi.

Kwangu, Rutschman abaki na glavu. Basallo apige kila siku, mara nyingine alinde kituo cha kwanza. Wanaotaka Rutschman auzwe baada ya msimu mbaya kama ule wanaitakia timu hasara.