Nimetoa eksileta ya kuning'inia nikaweka ya kulala chini, fundi wa Tanga kanitendea haki

Wakuu habari za leo. Naandika kwa madereva wenzangu na wenye magari makubwa, mana toka watu waone kabini yangu naulizwa kila siku, alafu huyu fundi kafanya kazi ambayo lazima isemwe.

Mimi nabeba simenti toka Pongwe kwenda Moshi na Arusha, kilomita zaidi ya 400 kwenda tu. Gari ni Freightliner Argosy, ile isiyo na pua, injini Cummins, eksileta yake, yaani pedeli ya mafuta, ilikuwa ya kuning'inia kama ya gari ndogo, imeshikwa juu inashuka chini. Mimi sio mrefu, kisigino kilikuwa hakikai sakafuni vizuri, mguu unaushikilia kwa paja muda wote. Mpaka Korogwe unavumilia, ukifika Same goti linawaka, nikishuka kunywa chai nachechemea. Na matuta je. Njia ile mnaijua, kila kijiji matuta, kabini ikiruka na mguu unaruka, unajikuta umekandamiza mafuta bila kutaka, gari linashtuka na tela imejaa inakusukuma kwa nyuma. Hii ya chini bawaba yake iko kisiginoni, mguu wote unaulaza juu yake, sakafu ikiruka mguu na pedeli vinaruka pamoja kwaiyo moto, yaani nguvu ya injini, unabaki palepale, unachezesha kifundo tu.

Mwaka jana nlijaribu kwa fundi mmoja mji mwingine. Alikata waya akaunga rangi kwa rangi na pedeli ya gari lingine, gari likastati vizuri ila ukikanyaga hakuna kitu, lipo sailensi tu, injini inaunguruma chini bila kupanda, na taa ya injini inawaka. Nililala njiani siku mbili na mzigo wa watu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba eksileta hizi hazina kebo, ndani kuna sensa mbili, vidude vya kuhisi umekanyaga kiasi gani, zinapeleka volti kwenye kompyuta ya injini, kompyuta inazilinganisha, zisipokubaliana inakunyima moto kwa usalama wako. Na kwa macho pedeli zinafanana lakini ndani sio, kuna zenye sensa mbili, kuna za sensa moja na swichi ya sailensi, kuna nyingine hazitumi volti kabisa zinatuma mapigo ya umeme. Rangi ya waya haikwambii kitu hapo.

Sasa huyu wa Tanga yuko njia ya Pongwe ukishapita Kange, gereji haina hata kibao, ulizia fundi umeme wa malori utaonyeshwa. Siku ya kwanza hakukata waya hata mmoja. Kaniambia "mgosi, kwanza tuipime hii uliyonayo", katoa mita, kapima pedeli ikiwa juu, katikati na chini, anaandika kwenye karatasi. Pedeli ya chini nlikuwa nimeshainunua Dar, used, laki 3 na nusu, kaiweka mezani kaipa umeme wa volti 5 kaipima vilevile, namba zikakataa, na yeye kakataa kuifunga. Roho iliniuma mana hela imeshatoka, ila kanionyesha zile namba zote nikaelewa mwenyewe. Nikairudisha, nikaongeza laki moja, nikapata ya injini ileile. Fundi mwingine angefunga akachukua hela yake.

Kufunga ilikuwa siku nzima. Kainamisha kabini kwanza aone chini ya sakafu kuna nini, na kweli pale nilipotaka mimi atoboe zilikuwa zinapita paipu za upepo wa breki! Kaweka bati nene kwa chini ili bolti zisivute sakafu, matobo kayapaka silikoni yasiingize maji wala joto la injini. Alafu kanikalisha kwenye siti na viatu vyangu vya kazi, breki, rudi mafuta, breki, rudi mafuta, anasogeza kidogo tunarudia, nadhani mara nne, mpaka mguu ukawa unahama bila kugusa kitu. Waya hakusokota, soketi nzima kabadilisha. Mwisho swichi on bila kustati, nikakanyaga taratibu mpaka chini nikaachia mara tatu, kachomeka mashine ya kusoma kompyuta ya injini tukaangalia inapanda toka asilimia 0 mpaka 100 bila kuruka. Kapeti ya upande wangu kaitoa akakataa kuirudisha, sikupenda, ila yuko sahihi, Toyota wenyewe 2009 waliita magari mamilioni Marekani yarudi kurekebishwa kwa sababu ya kapeti kubana eksileta. Ufundi laki mbili.

Ubaya upo. Pedeli ya mafuta sasa iko chini kuliko ya breki, mguu lazima uunyanyue, na ulivyozoea ile ya zamani siku za kwanza unachelewa kidogo, kwaiyo zunguka mjini bila mzigo kwanza tafadhali, usiende nayo moja kwa moja barabara kuu. Vumbi nalo linajaa chini ya pedeli, kwetu wa simenti ndio usiseme, nampa utingo kazi ya kupuliza upepo kila tukirudi. Na gereji yenyewe kivuli hakuna, fundi simu hapokei akiwa kazini, na vijana wake hawaachii waya kwahiyo foleni unaikaa.

Ila goti langu jamani, nafika Arusha nashuka natembea kama kawaida. Pedeli ya zamani kanifungia kwenye mfuko na soketi yake, siku dereva mwingine akiitaka inarudi.

Ijumaa anafunga mapema, nendeni Jumamosi asubuhi na pedeli mkononi, na mkubaliane na muuza spea kabisa kwamba mita ya fundi ikiikataa mnairudisha.