Akili ya Sokwe na Akili ya Binadamu

Nyayo za Laetoli, mkoani Arusha, zenye umri wa takriban miaka milioni 3.6, zinaonyesha kwamba mababu zetu wa kale walitembea wima muda mrefu kabla ya ubongo kufikia ukubwa wa leo, ambao ni kama mara tatu ya ule wa sokwe.

Sokwe naye ana akili: mwaka 1960, huko Gombe, mkoani Kigoma, mtafiti wa sokwe Jane Goodall alimwona mmoja akivua mchwa kwa bua la nyasi. Mtoto wa sokwe hujifunza hasa kwa kumtazama mama yake, ambaye ni nadra kumfundisha kwa makusudi. Seremala wa Moshi, kwa upande wake, humshika mwanagenzi mkono, humkosoa, na kumweleza kwa maneno kabati ambalo bado halipo. Kwangu, tofauti hiyo ina uzito kuliko ukubwa wa ubongo.